Sahani ya Bibi Yako

Rehema mwanangu,

Salamu nitaziruka, kwa sababu uko mtaa wa pili tu. Umetoka na baba yako baada ya kula kwenda kumuaga shangazi yako, na wifi yangu namjua, atakukalisha na chai na maneno mpaka miguu ife ganzi. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, mkaa bado una moto, harufu ya kuku imeingia kwenye khanga, kwenye nywele, na sasa kwenye karatasi hii. Barua nitaifukia kwenye begi lako chini ya mashuka, uikute ukishafika Mwanza, ukiwa mbali kiasi cha kutoweza kuingia jikoni kunihoji.

Mambo ya sabuni, nauli na kuchagua marafiki sitakuandikia. Baba yako amekuhubiria hayo wiki nzima, na anayapenda kwa sababu hayamtoi jasho. Mimi nataka kujibu lile uliloniomba leo alasiri nikajifanya sikulisikia.

Ulikuwa umechuchumaa mbele ya jiko, unampaka kuku tui kwa yale majani ya kitunguu niliyoyafunga. Kuku ametandazwa kwenye wavu, amepasuliwa mgongoni, ngozi imeanza kupiga wekundu, na kila tone lililoangukia makaa lilichachatika. Ukasema bila kunitazama:

"Mama, naomba uniahidi kitu."

"Kitu gani?"

"Bibi. Nikiondoka, umlishe wewe. Kwa mkono wako, usimtafutie mtu."

"Geuza kuku, anaungua."

"Mama, nakuomba."

"Geuza kuku, Rehema."

Ukageuza. Kuku alikuwa haungui, wewe ulijua na mimi nilijua. Ukanuna kama unavyonuna tangu mdogo, mdomo mbele, ukaendelea kumpaka yule kuku kwa nguvu kana kwamba yeye ndiye aliyekunyima jibu.

Tangu bibi yako aanguke bafuni na upande wake wa kulia ukafa, umemlisha wewe. Mimi napika, nabeba sahani mpaka mlangoni kwake, wewe unaipokea na kuingia nayo. Kizingiti kile sikukivuka. Siku moja nilikusikia unamwambia rafiki yako kwenye simu kwamba mama yako ana roho nyepesi, anaogopa wagonjwa. Nikaacha uamini hivyo, maana ulikuwa uongo wenye heshima. Mimi siogopi wagonjwa hata kidogo. Nilikuwa nasubiri afe.

Nimeliandika na silifuti. Unakwenda kusomea uuguzi, utatukuta wengi wa namna yangu tumekaa pembeni ya vitanda na chupa za chai, tunauliza hali ya mgonjwa kwa sauti ya upole. Wengine tunauliza ili tujue umebaki muda gani. Utujue mapema, usije ukadhani kila anayekaa karibu na kitanda anampenda aliyelala juu yake.

Niliolewa nyumba hii nikiwa na umri kama wako wa sasa. Nilitoka kwetu Mkiwa, kwa watu wa mtama na kuku, nikaja mjini Singida kwa watu wa duka. Baba yako alizaliwa hapa hapa, lakini bibi yako alikuja ameolewa kutoka Tanga, na Tanga yake hakuiacha stendi. Kila kitu cha huku kwetu kilikuwa cha kishamba: maji yetu ya chumvi, lafudhi yetu, mlenda wetu, hata tunavyokaa. Nilimwamkia kila asubuhi. Siku nyingine aliitikia marahaba, siku nyingine alinitazama tu mpaka nikaondoka na shikamoo yangu.

Kwao ilikuwa desturi kwamba bibi harusi akishamaliza siku zake za kukaa ndani, anapika chakula cha jioni cha kuwalisha wakwe wote, na ndugu wanaitwa waje kuonja mkono wake. Bibi yako ndiye aliyechagua chakula. Kuku wa kuchoma wa kupakwa tui, na wali wa nazi.

Kuku sikumwogopa. Mnyaturu gani anaogopa kuku? Nilipewa majogoo wagumu kama kamba, nikawatokosa kwanza na tangawizi ili walegee, nikawachanja, nikawatia kitunguu saumu na pilipili mpaka ndani ya mfupa. Shida ilikuwa nazi. Nilikuwa nimeziona sokoni kwenye magunia yanayoshushwa na mabasi ya kutoka pwani, lakini kuipika sikuwahi. Bibi yako alikaa mwenyewe kwenye mbuzi ya kukunia, akaikuna moja mbele yangu, akainuka.

"Umeona? Sasa malizia hizo nyingine, ukamue, upike."

Kisha akasimama mlangoni, mikono kifuani.

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu mtama ukishatwangwa unaoshwa, na maji ya kwanza yanatoka meupe. Unayamwaga. Unaosha tena, unamwaga tena, mpaka maji yawe safi, hapo ndipo unapika. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifundisha na hivyo ndivyo mikono yangu ilivyojua. Nikatia maji kwenye nazi iliyokunwa, nikaikamua, yakatoka maji meupe mazito ajabu. Nikasema moyoni, jamani, hii nazi ni chafu kweli. Nikayabeba mpaka nje, nikayamwaga chini ya mpapai. Nikarudi nikatia maji mengine.

"Osha vizuri, mwanangu," bibi yako akasema.

Alisema hivyo, kwa sauti niliyodhani ni ya mama. Nikaosha vizuri. Nikakamua na kumwaga, nikakamua na kumwaga, mpaka nazi ikabaki makapi matupu, ile chicha tunayowatupia kuku, na maji yakawa safi kabisa. Nilijisikia vizuri kwa usafi wangu. Nikaichanganya chicha na mchele nikapika. Majogoo nikawachoma makavu kwa ndimu na chumvi, maana tui la kuwapaka lilikuwa limenywewa na mpapai, na mimi sikujua hata kwamba yale maji meupe ndiyo tui lenyewe, nilidhani litanunuliwa dukani kama mafuta ya alizeti, na hakuna aliyelileta. Alikuwa amesimama pale muda wote. Neno moja lingetosha.

Wakaja wajomba wa baba yako na wake zao, wakakaa mkekani, sinia likawekwa katikati. Mimi niko nyuma ya pazia, nimejipamba, nasubiri kusifiwa. Nikasikia wananawa, nikasikia bismillah, nikasikia tonge la kwanza likitafunwa. Mtu akakohoa. Mwingine akaanza kutema mkononi kwa adabu. Ndipo bibi yako akasema kwa sauti ya kufikia nyumba ya pili:

"Msitafune sana, mtamaliza meno. Binti wa Mkiwa kawapikia chicha."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Niliitafuta sauti ya baba yako kati ya zile sauti, nikiomba nisiipate. Nikaipata. Ilikuwa inacheka kama zingine, labda kidogo zaidi, kama anavyocheka mtu anayetaka kuonekana hayumo.

Baba yako ni mtu wa amani, utasikia watu wote wa soko wanamsifu hivyo. Amani yake maana yake ni kwamba akiona moto unawaka anahama chumba. Nampenda, nimezaa naye, nimezeeka naye. Lakini ukitafuta mume, mpikie kwanza chakula kibaya mbele ya ndugu zake, umtazame usoni. Hilo ndilo ningelifanya mapema kama ningejua.

Jina langu likawa Mama Chicha hata kabla sijazaa. Aliwaambia majirani, akawaambia wauza nyanya, akamwambia fundi cherehani. Nikienda kununua dagaa naitwa hivyo na mtu ambaye hata hajui limetoka wapi. Wewe ulikuwa bado mdogo, hujaanza shule, ukaniita hivyo harusini, kwa sauti, kwa furaha, kwa sababu yeye alikufundisha na akakupa pipi. Nilikupiga kofi mbele ya watu wote. Ukamkimbilia yeye, akakupakata, akanitazama juu ya kichwa chako huku anakupapasa mgongo. Kofi lile lilikuwa lake, wewe ulilibeba tu kwa sababu shavu lako lilikuwa karibu. Liliniuma muda mrefu kuliko lilivyokuuma wewe.

Watu wanaposifu wali wangu wanadhani nilifundishwa na mkwe wangu wa Tanga. Mkwe wangu hakunifundisha kitu. Alinitaka jikoni kukuna nazi, kuchambua mchele, kupepea moto, na kila ilipofika saa ya kutia kitu chenye maana alinituma. Nenda kachote maji. Nenda kaangalie nguo kwenye kamba. Nikirudi, sufuria imefunikwa. Kwa hiyo nilijifunza kwa kuramba. Wao wakishakula, mimi ndiye muosha vyombo, na kabla sijatia maji nilikuwa naramba mwiko, naramba kingo za sufuria, naramba ule wavu wa kuchomea ulioganda tui na pilipili. Ulimi wangu ndio uliomwibia. Nikajua kwamba tui jepesi linatangulia na mchele, tui zito linakuja mwishoni na makaa yanawekwa juu ya mfuniko. Nikajua tui la kumpaka kuku linapikwa kwanza na bizari mpaka litoe mafuta, maana ukimpaka tui bichi linamwagika motoni lote. Ilinichukua miaka, na hakuna aliyejua.

Halafu nikamzidi. Yeye alikuwa anatia ndimu, mimi nikatia ukwaju wetu wa huku, niliouloweka na kuukamua mzito, na ngozi ya kuku ikawa inang'aa na kukunjamana vizuri. Ilikuwa Idd, na siku hiyo alichoka akaniachia jiko. Wageni walikula mpaka wakawa wanagombania mabawa kama watoto. Mzee mmoja akauliza mkono huu ni wa nani. Bibi yako akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Nimejitahidi tu, umri umekwenda," akasema.

Nilikuwa nimeshika birika la kunawisha. Nikawanawisha. Hapo ndipo nilipokuwa mjinga zaidi kuliko siku ya mpapai, maana nilirudi jikoni nimefurahi. Nilifikiri kwamba ikiwa amekiita chakula changu chake, basi amekikubali, na aliyekikubali chakula changu karibu atanikubali na mimi. Niliishi na hesabu hiyo ya kipumbavu kwa muda mrefu, napika vizuri, napika vizuri zaidi, kama mtu anayemwagilia jiwe. Chuki haishibi kwa chakula, mwanangu. Inakula, inasifu, inaomba nyongeza, na kesho inaamka vile vile.

Na wewe alikupenda, hilo sitalificha wala kulipunguza. Bibi uliyempata wewe ni mwingine kabisa. Siku aliyokufundisha kupika wali wa nazi ulikuwa bado shule ya msingi, umesimama juu ya kigoda hiki nilichokalia. Mikono yake juu ya mikono yako ndani ya bakuli, anakukamulisha.

"Hili la kwanza liweke pembeni, mjukuu wangu. Usilimwage kamwe. Hili ndilo wali wenyewe."

Wewe ulikuwa unacheka kwa sababu nazi inakutekenya viganja. Mimi nilikuwa mlangoni, pale pale aliposimama yeye siku ile. Na alipokuwa anasema usilimwage aliinua macho, akanitazama mimi. Nikaenda kukaa chooni, ndiyo sehemu pekee ya nyumba hii ambayo mtu hafuatwi. Nilikuonea wivu, mtoto wangu mwenyewe. Hilo nalo ulijue.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hujawahi kuambiwa. Unajua kwamba bibi yako mwingine, mama yangu mzazi, alifariki ukiwa mdogo sana. Nimekwambia nilichelewa mazishi, na ukadhani ni usafiri. Usafiri gani? Mkiwa iko hapo tu, kila basi la Dodoma linapita.

Simu ilikuja dukani asubuhi. Baba yako akanijia, akaniambia, "Mama yako hatunaye," na machozi yalimtoka, sitamdhulumu. Siku hiyo walikuwa wanakuja wageni kutoka Tanga, ndugu wa bibi yako, walikuwa njiani. Kuku walikuwa wameshachinjwa, wamejaa beseni. Nilivaa baibui, nikakufunga mgongoni, nikaenda kumuaga bibi yako.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Mama yangu amefariki, mama. Wanazika leo."

"Poleni. Wageni watakula nini?"

Nikakuweka sawa mgongoni. Akaendelea, bila hasira, kama anayenielekeza njia.

"Maiti hakimbii. Choma kuku, pika wali, ukimaliza utapanda basi la mchana."

Nilimtazama baba yako. Akasema, "Fanya haraka, mama Rehema, utawahi." Na mimi, nikiwa mwanamke mzima na miguu yangu miwili, nikavua baibui nikawasha jiko. Nikawapaka wale kuku wote, nikawageuza wote, nikakuna nazi, nikakamua, tui la kwanza pembeni. Nililia muda wote na hakuna aliyeuliza, maana anayechoma kuku hulia kwa moshi. Wageni wakafika, wakala. Bibi yako akaniita nilete pilipili zaidi, na nikaleta.

Nilipofika Mkiwa walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wanakung'uta udongo miguuni. Kaka yangu alinisogelea akaninusa. Kisha akasema, "Unanuka sherehe," akanipita. Mpaka leo hatuzungumzi vizuri, na mimi simlaumu, kwa sababu nilikuwa nanuka sherehe.

Kumwaga tui lilikuwa kosa la mtoto asiyejua, nimelicheka mwenyewe mara nyingi nikiwa peke yangu. Lakini kuvua lile baibui nilijua ninachofanya. Hakunishika mkono, hakufunga mlango. Ningewaacha wale kuku waungue mpaka mifupa, nikatembea mpaka stendi. Nilibaki kwa sababu niliogopa watasema binti wa Mkiwa hana adabu, na nikakosa uso wa mama yangu kwa ajili ya hilo. Kwa hiyo nakwambia hili moja, lishike. Siku ukiambiwa mimi nimekufa, na mkubwa wako wa wodi akasema maliza zamu kwanza, vua sare hapo hapo uiache sakafuni, upande basi. Wakikufukuza kazi, waambie mama yako ndiye aliyeruhusu.

Na huko chuoni ukikosea kitu, ukageuka ukamwona mtu amekusimamia anatabasamu na kukwambia endelea vizuri, mwanangu, acha kila kitu mara moja. Weka sindano chini. Nenda kamuulize mtu mwingine. Wanaokufokea hawana shida, hao wanakuonyesha kosa lako bure.

Narudi kwenye jibu lako. Chakula cha leo kilikuwa kizuri, sijui kama ulikionja au ulikuwa unanikasirikia tu. Wali ulichambuka, kuku aliiva mpaka kwenye kiungo cha paja. Baba yako alikula kimya, ndivyo anavyohuzunika. Ulipomaliza ukaniambia, "Sahani ya bibi iache, nitamlisha nikirudi," ukasema kwa ukali, ili nisikie kwamba huna tumaini na mimi. Mkatoka.

Hamjafika mbali akaanza kugonga kitanda kwa kile kikombe cha bati. Unajua anavyogonga njaa ikimuuma, polepole, bila kuchoka. Nilikaa hapa nikamsikiliza. Nikajiambia agonge, mjukuu wake atarudi. Akagonga. Harufu ilikuwa imeshamfikia, nyumba nzima ilinuka ukwaju na tui. Nilimsikiliza kwa raha, halafu raha ikaisha na ikabaki kelele tu. Nikaichukua sahani. Kuku nikamchambua nyuzi nyuzi, ngozi ile nzuri nikaikata vipande vidogo, wali nikauponda na rojo. Nikavuka kizingiti.

"Rehema?" akasema.

"Rehema ametoka, mama. Ni mimi."

Nusu ya uso wake haibadiliki tena, lakini ile nyingine ilitosha. Amekuwa mdogo, mwanangu, hukuniambia kwamba amekuwa mdogo hivyo. Nilikaa kwenye kiti chako. Nikachota kijiko, nikampelekea mdomoni. Akafunga mdomo.

"Njaa huna? Mbona unagonga?"

Akatazama kijiko, akatazama sahani, akanitazama mikono. Kisha akasema, akilivuta kila neno kutoka upande ule unaofanya kazi:

"Kula wewe kwanza."

Mimi bwege nilidhani ananikaribisha. Baada ya miaka yote hii nilifikiri kwa nukta moja kwamba ananikaribisha chakula, na moyo wangu ukaruka kama wa bibi harusi nyuma ya pazia. Halafu nikaliona lile jicho lake.

"Unadhani nimekutilia kitu, mama?"

Alikuwa anatetemeka kidevu. Alikuwa ameshapima angefanya nini yeye kama angekaa kwenye kiti changu, na jibu alilolipata lilikuwa linamtetemesha. Na mimi nilifurahi, Rehema. Sikufichi. Nilifurahi kama sijafurahi tangu nikuzae. Miaka yote mkono wangu ndio uliotetemeka nikimpelekea sahani, na sasa mdomo wake ndio unaotetemeka nikimletea kijiko.

Nikala. Nilianza na ngozi, kile kipande kilichoshika ukwaju, nikakitafuna polepole nikimtazama. "Tamu," nikamwambia. Akameza mate. Nikachota wali, nikala, nikafuta mdomo. Akaufungua mdomo wake kidogo. Nikachota kijiko cha tatu, nikakipeleka mpaka karibu yake, nikakirudisha nikakila mimi. Mdomo wake ulibaki wazi. Machozi yalimtoka kwenye jicho moja, lile linalotii.

Ndipo nikamlisha. Alikula yote, hakuacha punje. Moja ilimbaki kidevuni, nikaifuta kwa pembe ya khanga yangu, na alijikunja nilipomgusa. Nikampa maji. Nikamgeuza ubavu kama nilivyokuona ukifanya kupitia upenyo wa mlango.

"Kesho utakula?" nikamuuliza.

"Wewe kwanza," akasema.

"Mimi kwanza," nikamkubalia.

Kwa hiyo ahadi unayo. Nitamlisha kwa mkono wangu, asubuhi, mchana na jioni, sahani moja, kijiko kimoja, mimi nikianza na kipande kizuri mbele ya macho yake. Sitamfokea. Sitamnyima. Sitamchelewesha hata siku moja. Nitamtilia tui zito na nyama laini, nitamfulia mashuka, na majirani watasema yule bibi ana mkwe wa peponi. Kila mlango wake ukifunguka atajua ni mimi, na atajua anahitaji niingie.

Nasikia sauti yenu kwenye kona, baba yako anacheka kitu. Usiyakatize masomo yako kukimbilia huku kumtazama, wala usinipigie simu kila jioni kuuliza kama amekula. Soma. Bibi yako atakula, mwanangu, atakula vizuri, na mimi kila nikiswali namwombea umri mrefu.

Mama yako